Soko Lililoweka Fagio Chini

Mama aliyefagia soko letu la samaki hapa Nchelenge amekufa. Niliambiwa na mwanamke wa vitumbua, naye alikuwa akigeuza vitumbua vyake, wala hakuinua macho. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo yangu nikingoja salamu ya huyo mama, maana tangu muke wangu atangulie kaburini na watoto wahamie Mansa, hiyo ndiyo salamu yangu ya kwanza kwa siku. Siku nyingine ni ya mwisho pia.

Munaonisoma munajua mimi si mutu wa shule, naandika kama ninavyoongea. Bon, nianzie mbali kidogo. Nilipokuja hapa mara ya kwanza kutoka Mununga na chisense wangu, hawa dagaa wetu wa kukausha, niliwamwaga juu ya meza ya sementi aliyotoka kuiosha mama huyo. Akawakusanya wote, akawarudisha kwenye beseni, akaniita babu kwa lugha ya hapa. "Bashikulu, ngoja. Meza haiyakauka. Unataka batu wakule maji ya jana?" Wenzangu wakacheka, eti muzee kakemewa kama mutoto. Nikanuna. Lakini mchana wanunuzi walipopita wakiinama na kunusa, meza kwa meza, walichukua wangu.

Sasa, kwetu nyumba ya kilio haifagiwi mpaka marehemu azikwe; kesho yake ndipo fagio linainuliwa. Mazishi yake yalichelewa, tukingoja ndugu zake kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Wakubwa wa soko wakasema tumpe heshima, soko nalo lisifagiwe. Tukaitikia wote, na mimi nilikuwa wa kwanza. Siku ya kwanza yalibaki magamba na matumbo ya samaki. Siku ya pili nzi. Siku ya tatu wanunuzi walishuka kwenye minibasi, wakaziba pua, wakapanda tena. Na nani angewalaumu, sisi tuliokwisha kuzika batu wa kipindupindu? Samaki wakaoza mbele yetu. Wanawake wanaolisha nyumba kwa beseni moja walilia, nami sikujua wanamlilia marehemu au samaki. Kazi yake tulikuwa tukiiita kazi ya mutu aliyekosa kazi. Kumbe muvuvi, muchuuzi, dereva, hata yule wa vitumbua, wote tulikuwa tunakula kwa fagio lake.

Ndugu hawakufika. Kaburini tulikuwa wachache, na mchungaji akaniuliza kijiji cha marehemu, apate kukitaja katika maombi. Sikukijua. Miaka yote ile ya salamu, sikuwahi kumuuliza.

Kesho yake nilifika mapema, nikainua fagio lake. "Bashikulu, mugongo utakukatika," mwanamke wa vitumbua akasema. Nikafagia, nikaosha meza, nikakaa. Akaja mama mugeni na beseni la samaki kichwani. Nikamwambia angoje, meza haiyakauka. Halafu nikamuuliza kwao ni wapi. Alishangaa, lakini alinijibu. Na nyinyi, yule anayewafagilia, mumuulize angali anaweza kujibu.