Kopo la Uzi Mwekundu

Mama yangu alikuwa na makopo manane ya maua, na baba alikuwa ameazima kamioneti yenye nafasi ya kila kitu isipokuwa makopo manane ya maua. Hivyo ndivyo ulivyoanza ugomvi wa mwezi wetu wa mwisho Bukavu.

Ilikuwa miaka ya Zaïre, wakati wanaume waliacha tai wakavaa makoti ya abakosti, na kila mtu aliitwa citoyen, mwananchi, hata aliyelala njaa. Baba alikuwa mwalimu wa jiografia. Alipata nafasi ya kufundisha Bujumbura, na tangu barua ilipofika alitembea mle nyumbani kama mtu aliyekwisha ondoka. Bujumbura si mbali. Ukitoka Bukavu asubuhi, ukavuka daraja la Ruzizi na kupitia Rwanda, jioni umefika. Lakini kuhama ni kuhama, na mpaka ni mpaka hata ukiwa na urefu wa daraja moja tu.

Makopo yenyewe yalikuwa ya maziwa ya unga, yote ya ukubwa mmoja, yametobolewa chini kwa msumari. Ndani yake kulikuwa na ua la aina moja, lile ambalo masista waliliita geranium, lenye majani yanayonuka ukiyasugua. Mama alianza na tawi moja aliloomba parokiani, akalipanda, akalikata, akalipanda tena, mpaka ukuta wa mbele ukajaa. Baba alisema kwamba Bujumbura pia kuna maua. Mama akamjibu kwamba Bujumbura pia kuna wanawake, basi aende akajitafutie. Baba alinuna siku mbili, kisha akasema maua yataenda lakini kabati la vyombo litabaki. Mama alikubali upesi mno. Nilishangaa, maana kabati lile alilipangusa kila Jumamosi kuliko alivyotupangusa sisi.

Sababu niliijua wiki ileile. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mama aliniambia nibebe kopo moja kati ya yale manane, ambalo ua lake lilikuwa limekauka, na kisu cha zamani, tukashuka wawili mpaka makaburini. Mdogo wangu alizikwa pale miaka miwili nyuma. Surua ilimchukua akiwa na miezi kumi na moja, kabla hajajua kusimama vizuri. Baba alimchongea msalaba wa mbao akaupaka rangi nyeupe, na haukumaliza mwaka. Mtu aliuvunja akaenda kupikia, kikabaki kisiki cha urefu wa kidole kikichungulia kutoka ardhini. Sijawahi kumsamehe mtu huyo. Natumaini ugali wake haukuiva.

Baada ya msalaba kuibwa, mama alipanda geranium mbili pale, kwa sababu maua hayawaki jikoni. Siku hiyo aling'oa moja na mizizi yake. Akachimba kwa kisu, akang'oa na kile kisiki chenye rangi nyeupe, akakiweka chini kabisa ya kopo. Juu yake akajaza udongo mwekundu wa kaburi, taratibu, kama anayepakua chakula cha mgonjwa. Nilimuuliza tunafanya nini.

"Mutoto hawezi bakia pekee," alisema. "Sisi wote tunaenda. Nani atakuya kumusalimia? Lakini usiambie papa yako."

Nilielewa kwa nini baba hakutakiwa kujua. Baba alikuwa mtu wa kanisa kwelikweli. Kwake mtoto yuko mbinguni, mambo yamekwisha, na kubeba udongo wa kaburi ni mambo ya kipagani. Tulipofika nyumbani mama alifunika ule wekundu kwa udongo mweusi wa nyuma ya jiko, ili kopo lifanane na mengine. Kisha akalifunga uzi mwekundu wa sufu, aliouchomoa kwenye sweta kuukuu. Siri ya mtungi muulize kata, wanasema. Basi kata nilikuwa mimi, na nilijivuna sana kupewa siri ya mtu mzima.

Siku ya mwisho mama alikwenda Mudaka kuwaaga ndugu zake. Baba akayaona makopo yamepangwa mlangoni, yamejaa kutu na matope, akasema hatutaingia kwa watu kama wakimbizi. Akaniagiza niyasugue. Nikayapeleka bombani, nikayasugua kwa majivu, moja baada ya jingine. Uzi wa mama ulikuwa umeloa na kuvimba matope. Niliufungua nikaufua, nikauanika kwenye kamba ya nguo, na nilifanya hivyo kwa kumpenda mama. Niliporudi na uzi wangu msafi, makopo manane yalikuwa yananing'aria kwenye jua, na sikujua lipi ni lipi.

Ningeweza kuingiza kidole kwenye kila kopo mpaka nikute wekundu. Ni kazi ya dakika chache. Lakini baba alikuwa akiniita nije kukunja mikeka, na baba hakuwa mtu wa kuita mara mbili. Nililifunga uzi kopo lenye maua mengi zaidi, nikajiambia ndilo, na baada ya muda kidogo nikaamini. Mama aliporudi aliuona uzi umetakata, akanishika kichwa akanishukuru.

Asubuhi yake upande wa Zaïre walitupitisha bila shida. Askari mmoja alichungulia nyuma ya kamioneti akacheka. "Citoyen, unakimbia na inchi yetu mu makopo?" Baba naye akacheka, kicheko cha mtu mwenye haraka. Tukavuka daraja. Upande wa pili tulimkuta ofisa kijana, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Aliyatazama makopo kwa muda mrefu kuliko alivyotazama hati zetu.

"Maua hayana shida," alimwambia baba. "Udongo hapana. Udongo wa Zaïre ubaki Zaïre."

Alieleza kwa adabu kwamba udongo hubeba magonjwa ya migomba, na kwamba hata pale kwake hauruhusiwi kumwagwa. Turudi tukaumwage kwetu, tufunge mizizi kwa magazeti yaliyoloweshwa. Alipokuwa bado anaeleza, niliuona mkono wa mama ukinyooka nyuma na kulivuta kopo la uzi mwekundu. Alilipakata akalifunika kwa kitenge. Ofisa alipomfikia alidhani ni tumbo la mja mzito, akampa pole, akamwambia akae tu asihangaike. Baba alihesabu makopo saba, akamtazama mama, akayapanga ndani ya beseni. Alidhani ni ukaidi wa mwanamke na maua yake.

Tukarudi darajani kwa miguu, baba na mimi na makopo saba ndani ya beseni, mpaka ukingo wa Zaïre. Baba aliyagonga moja moja kwenye jiwe, mimi nikipokea mimea na kuifunga magazeti. Udongo ulitoka mweusi, mweusi, mweusi. Kopo la tano lilitoa mweusi kidogo juu, kisha wekundu ukamwagika wote kwa mkupuo, na mwisho kikadondoka kipande cha mbao chenye rangi nyeupe.

Nilitazama ng'ambo, nikamwona mama ndani ya kamioneti, mikono miwili juu ya kitenge, ananitazama. Alikuwa anatabasamu. Tangu mtoto afe sikuwa nimemwona akitabasamu vile.

Baba aliuliza kile ni nini. Alikipaka rangi kwa mkono wake mwenyewe na hakukitambua. "Ni muti tu, papa," nilimwambia. Akasema basi nikitupe, tunachelewa. Ningeweza kukitia mfukoni. Lakini kukitia mfukoni kulikuwa kukiri, na kukiri kulikuwa kuufuta uso ule wa mama. Nikakitupa Ruzizi. Kilizama, kikaibuka, kikaenda. Ule wekundu baba aliusukuma mtaroni kwa kiatu.

Tulipokuwa tunarudi, baba, mwalimu hata barabarani, aliniambia kwamba maji yale yanashuka mpaka ziwa Tanganyika, karibu kabisa na tunakokwenda. Niliishikilia jiografia hiyo kama dawa. Mwaka wetu wa kwanza Bujumbura nilitembea ufukweni kila Jumapili baada ya misa nikigeuza takataka kwa mguu, nikitafuta kipande cheupe. Kisha darasani tukasoma habari za umeme, nikajifunza kwamba chini kidogo ya daraja letu kuna bwawa linalozuia kila kinachoelea. Sikurudi ufukweni tena. Nililia siku ile, nikasingizia jino.

Ile mimea saba ya magazeti haikulistahimili joto la Bujumbura. Ilikauka yote kabla ya mvua. Lile la uzi mwekundu lilinawiri, na mama akaona ndivyo inavyopasa. Alilihamisha kufuata kivuli, asubuhi huku, jioni kule. Alilisalimia kwa jina ambalo sitaliandika. Kila mwaka, siku aliyozaliwa mtoto, alinivuta pembeni kunihesabia umri wake: leo angeingia shule, leo sauti yake ingeanza kuwa nzito, leo angekuwa anaoa. Mmea ulipozeeka alikata tawi akalipanda kwenye udongo uleule. Kopo lilipoliwa na kutu aliutia udongo kwenye chungu, wote, hakuacha hata punje, na uzi akauhamishia huko. Alipokosa kisiki na wekundu alisema mbao imeoza na wekundu umemezwa na mweusi. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi nilimtazama mama akizoa kwa miaka na miaka kitu ambacho hakikuwepo pale, nikanyamaza, na kila mwaka kusema kukawa kugumu kuliko mwaka uliotangulia.

Baba alitangulia kufa, bila kujua lolote. Zamu ya mama ilipofika alinishika mkono hospitalini. Nilijua atakachosema, na nilikuwa nimejiapiza kwamba safari hii nitamwambia.

"Ule udongo uniwekeye ndani," alisema. "Yeye na mimi pamoja. Ni wewe tu unajua."

"Ndiyo, maman," nikasema.

Kaburini niliomba watu wasogee. Nilikipindua chungu, nikaukung'uta udongo wote juu ya jeneza lake, mpaka chini kabisa. Shangazi zangu walilia kwa sauti, wakasema kwamba mama amezaa mtoto mwenye kutunza neno. Ulikuwa mweusi mwanzo hadi mwisho. Ni udongo wa nyuma ya jiko letu la Bukavu, pale tulipokuwa tunamwaga maji ya kuoshea sahani.