Nilimwekea mama mwanaume wa synth kwenye wimbo wake mwenyewe

Wakuu, poleni na mihangaiko. Ninayoandika hapa niliyaona kwa macho yangu, na aibu yake niliibeba mwenyewe. Mwenye kucheka acheke.

Mimi ni Mgogo. Huku Mara nilifuata dhahabu kama wengine, dhahabu ikanikataa, nikabaki Tarime mjini na laptop, keyboard na chumba nilichokibandika magodoro ukutani. Ndiyo studio.

Huyu dada tumwite Ghati. Anafanya kazi lodge moja kule karibu na geti la Ikoma, na anaimba synthpop, ile pop ya vinanda vya kompyuta. Ndiyo, synthpop, Serengeti. Mara ya kwanza na mimi nilicheka. Alipofungua mdomo nikavuta keyboard.

Tatizo lilikuwa mama yake, anayeishi Ringwani. Ghati alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisani kwao. Alipoacha kwaya akaja kuimba na "mashine", mama akaacha kuongea naye. Salamu zikawa zinapitia kwa majirani.

Tulipomaliza kurekodi vocals Ghati akaniambia, "Mama asiposikia kwanza, hii album siachii." Halafu akarudi kazini, akaniachia mixing, kuzipanga sauti na ala.

Sasa wimbo wa sita unaitwa "Baba". Umeimbwa Kikurya, lugha nisiyoijua, na kiitikio chake anaita tu, "Baba! Baba!", halafu kimya kidogo.

Nilijua baba yake ni marehemu. Nikasema hapa ndipo nitakapoonyesha ufundi. Nikatengeneza sauti nzito ya kiume ya synth, kila Ghati akiita inajibu, "Naam, mwanangu." Aisee, nilijisikia raha vibaya sana! Sikumwambia, nikataka iwe surprise.

Siku yake ya off tukakutana Mugumu, tukachukua boda hadi Ringwani. Tukamkuta mama anapukuchua mahindi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaeni." Binti yake hakumtazama.

Nikaunganisha spika. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu, mama anapukuchua tu. Ghati alikuwa anang'ata kucha. Kwa kweli nilimwonea huruma, mtu mzima anasubiri matokeo kama darasa la saba.

Ukafika wa sita. "Baba!"

Spika ikajibu, "Naam, mwanangu."

Ghati akaruka kama kang'atwa na siafu. Mama akaacha mahindi.

"Huyu mwanaume ni nani?"

Nikajibu kwa kujiamini, "Ni marehemu baba, mama. Kompyuta imemwitikia."

Mama akamgeukia binti yake, akasema kitu kwa Kikurya. Ghati akacheka mpaka akakaa chini. Halafu kicheko kikageuka kilio.

Mama akanihurumia, akanifafanulia: "Sisi Wakurya baba tunamwita 'tata'. 'Baba' ni mama, yaani mimi. Mtoto ananiita mimi, wewe unaniletea mwanaume aitike?"

Wakuu, miaka yote niliyoishi Tarime, nasikia watu wanaita "baba" sokoni na wanaogeuka ni akina mama, sijawahi kujiuliza! Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mimi mgeni nilikuja kuharibu.

Mama akasema, "Rudisha hapo. Huyo mtu mtoe."

Nikamtoa mzee wangu wa synth. Kiitikio kikaja. "Baba!" Kimya. Kinanda peke yake.

Kiitikio cha pili. "Baba!"

"Ee," mama akaitika. Kawaida tu, vile mzazi anavyomwitika mtoto akiwa jikoni, huku mikono imerudi kwenye mahindi.

Ghati akasogea, akachukua hindi, akaanza kupukuchua naye. Mimi nikatazama pembeni, macho yalikuwa yanawasha.

Baadaye nikamwomba mama tumrekodi hiyo "ee". Akakataa katakata. "Akiniita nitaitika. Mashine siitikii."

Nilichojifunza: kabla hujamjibia mtu, uliza anamwita nani. Na kama una mtu uliyenyamaziana naye, jaribu kumwita, pengine anasubiri tu jina lake. Wakuu, kwenu mama mnamwitaje? Shusheni hapa, nisije nikaaibika tena.

Album imetoka. Kila siku naandikiwa inbox kwamba wimbo wa sita una pengo, producer alilala.

Sikulala. Hapo kuna mtu anaitika, ila yuko Ringwani.