Désiré na Ule Mkono wa Fainali

Akili yangu bado inagoma, jamani. Jana nimeandika ujumbe wa kumtania Désiré, nimeshautuma kabisa, ndipo nikakumbuka kwamba tumemzika.

Désiré wa Ryansoro. Mwenzangu kazini. Tulisambaza mbegu za maharage, yeye upande wa Gitega, mimi huku kwetu Muyinga. Aliugua ghafla, hata hatukupata muda wa kuogopa.

Mliomjua mnakumbuka kicheko chake. Alikuwa anacheka kabla hajafika mwisho wa hadithi, inabidi umwombe aanze upya.

Leo nawasimulia "kesi" yake, maana bosi wetu alishachoka kuisikia.

Miaka ile tuliporudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, baba yangu, Mzee Yohana, alifika fainali ya mashindano ya chesi pale Gitega. Alicheza na Mzee Salvator, ambaye ni baba mdogo wa Désiré.

Katikati ya mchezo baba akanyoosha mkono. Salvator akaushika. Mwamuzi akasimamisha saa. Kwenye chesi, ukimpa mwenzako mkono namna hiyo umekubali kushindwa. Kombe likabaki Gitega.

Baba akapiga kelele kwamba hajakubali chochote, alikuwa anamsalimia mtu aliyeingia! Mtu gani? Hakuna aliyemwona. Baba mwenyewe hakuona uso, macho yake yalikuwa kwenye ubao.

Tangu siku hiyo Muyinga nzima wakamwita Mzee Nimekubali. Hata watoto. Akaacha kucheza, kete zikapandishwa juu ya kabati, na yeye na Salvator hawakusemeshana tena. Kilichomuuma siyo kombe. Aliumia kwamba hakuna anayemwamini, hata mama alikuwa anaitikia tu ili yaishe.

Nilipomsimulia Désiré nilijua atamtetea baba yake mdogo. Wapi! "Dada, huyo mtu aliingia. Burundi hii, mtu aingie mahali asisalimie kila mmoja kwa mkono? Tumtafute."

Na kweli akamtafuta. Kila alikopeleka mbegu aliuliza. Kwenye mitingi bosi anataka ripoti ya fildi, Désiré anasimama na uso wa kazi: "Maharage yameota vizuri, ila shahidi wa Gishubi anajikanganya." Tulikuwa tunacheka mpaka machozi.

Mzee Salvator akamwita. "We, uko mutoto ya nani? Ya kwangu ao ya Yohana?"

"Wa kwako, baba. Ndiyo maana nataka kombe lako liwe safi."

Huyo ndiye Désiré. Anakujibu kwa heshima na bado anafanya anachotaka.

Halafu ikaja siku ya Bugendana. Alikuwa anamwonyesha mbegu mzee mmoja, Mzee Gervais, akamwambia hizi zinapendwa sana Muyinga. Mzee akazirudisha gunioni.

"Usiniambie mambo ya Muyinga! Watu ya kule haina heshima. Mi nilifika Gitega, mvua imenipiga, naingia kwenye salle, ukumbi ya mashindano, nasalimia watu yote. Kuko mumoja ya kule anacheza échecs, hii chesi, ananyoosha mukono, mi nataka kuushika, anaupeana kwa mwengine! Nikatoka. Niko na hasira mpaka leo."

Désiré alinipigia simu akiwa kwenye migomba ya watu. "Dada, amekasirika! Miaka yote hii amekasirika!" Nilidhani anamsema mteja. Kumbe amempata yule mgeni wa fainali: Gervais alikuwa amesimama nyuma ya bega la Salvator. Baba alinyoosha mkono kwa mgeni, Salvator akaudaka kwanza.

Nilimweleza baba. Akakaa kitako, akalia kidogo, akajifuta. Swali lake la kwanza: "Huyo mzee, bado amenikasirikia?"

Désiré akapanga kuwakutanisha wazee wote watatu hapa Muyinga baada ya mavuno. Alishaanza kuniuliza nitapika nini. Mavuno yamefika, yeye hakufika.

Basi wakakutana Ryansoro, kwenye matanga yake.

Baba alikuja na ubao kwapani. Nikamwambia, baba, aibu, huu ni msiba. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Gervais, akampa mkono na kuushikilia muda mrefu. Gervais akasema, "Sawa. Imeisha."

Kisha Salvator akasogea. Baba akanyoosha mkono. Salvator akautazama kwanza. "Hii iko salamu?"

"Iko salamu," baba akasema.

Matanga mazima yakaangua kicheko, na mama yake Désiré alicheka kuliko sisi sote, huku machozi yanamtiririka. Ni yeye aliyesema, "Wekeni hizo kete. Mwanangu alitaka kujua mwisho."

Wakazipanga kama zilivyokuwa siku ile. Wazee hawa wanasahau majina ya wajukuu, lakini hapo hawakubishania hata kete moja. Wakaendelea.

Baba akashindwa! Tena vibaya! Miaka na miaka alituhubiria kwamba siku ile alikuwa anakaribia kushinda, kumbe malkia akaliwa kama mchicha. Akautazama ubao, akamtazama Salvator machoni, akanyoosha mkono polepole.

"Haya," akasema, "sasa nimekubali."

Njia nzima ya kurudi Muyinga alikuwa anaimba. Kete hazijarudi juu ya kabati, ziko mezani, na jirani aliyekuwa anaongoza kumtania anafungwa kila jioni.

Désiré, ungeanguka chini kwa kicheko. Nimekukasirikia kwa kuikosa siku yako mwenyewe. Ulimwamini baba yangu wakati sisi watoto wake tulishachoka kumsikiliza, na kwa hilo nitakupenda mpaka nami nikufuate.

Usingizi mwema, kaka yangu. Na huko ulikoingia, wasalimie wote kwa mkono, usimruke hata mmoja.