Wivu wa Stamili kwa mnara wa Ziada

Jua linachomoza juu ya mikorosho, na Stamili Nampota tayari anapanda mwamba, beseni la ming'oko, viazi pori vya kuchemsha, kichwani, simu yake ya kitochi imefungwa kwenye ncha ya kanga. Anapita penye utelezi bila kutazama chini. Kileleni anatua beseni, anafuta jiwe kwa kiganja, anakaa. Hakuna mteja.

Chini, upande wa barabara, mnara mpya wa simu unang'aa. Anautazama, anageuza uso, kisha anautazama tena.

"Ule pale," anasema, akiuonyesha kwa kidevu. "Ule wa Ziada."

Mnara si wa Ziada. Ni wa kampuni ya simu, na Ziada Shamte ni mlinzi wake tu. Anafyeka majani, anafuta paneli za sola, anafunga geti jioni. Lakini katika kitongoji hiki kilicho nje kidogo ya Chiungutwa, wilayani Masasi, kila mtu anajua kwa nini Stamili anausema hivyo. Ziada ndiye aliyeolewa na Hamudi, aliyekuwa mume wa Stamili. Alipoingia yeye, Stamili alipewa talaka.

Mwamba wanauita Haloo. Jina lilitokana na watu waliokuwa wakisimama hapa wakipaza sauti, "Haloo, haloo, unanisikia?" Kwa miaka mingi palikuwa mahali pekee ambapo simu ilishika mtandao, mawimbi yakitoka kwenye mnara wa mbali, juu huko Newala.

Baada ya talaka, Stamili alihamishia maisha yake hapa. Aliuza vocha, alichaji simu kwa sola, aliwasomea wazee ujumbe wa watoto wao, na aliwauzia ming'oko ya kuchemsha yenye pilipili na ndimu. Wageni aliwaonyesha pa kusimama, kwa sababu ukisogea kidogo tu, simu inakata.

"Msimu wa mnada wa korosho hapa palikuwa hapatoshi," anakumbuka. "Wote wanataka kujua bei. Wananiita mama mtandao."

Haloo ilimjengea nyumba ya bati. Haloo ilimsomesha binti yake, Rahima, mpaka akawa muuguzi. "Mwamba huu ndio ulinioa," anasema, na hacheki.

Mwaka juzi ukaja mnara. Ulileta mtandao wa kasi, watu wakaanza kupiga simu za picha wakiwa vitandani mwao. Mkulima aliyeona majani ya mkorosho yamekauka aliyapiga picha, akamtumia bwana shamba na kujibiwa kabla jasho halijakauka. Kampuni ilipotafuta mlinzi, ikampata Ziada, ambaye nyumba yake iko hatua chache kutoka getini. Papo hapo akafungua kibanda cha uwakala.

"Mume alichukua, nikanyamaza," Stamili anasema. "Sasa na wateja wangu? Nilikuwa nikipita pale najisikia kama nimemeza kaa la moto. Naona wale wale niliowasomea ujumbe wamekaa kwenye benchi lake, wanacheka."

Aliacha kupita njia ile. Alikataa hata kununua laini ya kampuni yenye mnara, akabaki na yake ya zamani, inayoshika Haloo tu. Rahima alipojifungua huko Tandahimba, akataka kumwonyesha mama yake mtoto kwenye simu. Kitochi hakina picha. Jirani alimwambia aende kwa Ziada, mwenye simu kubwa aliyopewa na kampuni.

"Nikasema bora nisimwone mtoto," anaeleza. "Nilikuwa namsikia tu analia. Nikija huku juu, namsikia mjukuu wangu analia."

Mnara nao una matatizo yake, na hayo Stamili anakiri aliyafurahia. Unategemea sola. Kuanzia Juni wakulima wanapopuliza salfa, dawa ya unga, kwenye mikorosho, vumbi lake la njano linatanda kila mahali, paneli zikiwemo. Zisipofutwa vizuri, betri hazijai na mnara unazimika. Watu wakawa wanarudi Haloo wakihema, wakiomba kitochi cha Stamili.

"Ukizimika, mimi silali kwa furaha," anasema. "Naamka mapema kuchemsha ming'oko mingi."

Siku moja ya Julai mwaka jana mnara ulizimika tangu asubuhi. Stamili alikuwa juu na wateja wawili alipomwona mwanamke anapanda mbio, kanga imeanguka mabegani, mikono ina damu. Alikuwa Ziada.

Hamudi alikuwa akipogolea mkorosho. Panga lilikosea tawi likaingia kwenye paja. Simu ya Ziada haikuwa na mtandao, na hakukuwa na bodaboda karibu.

"Shikamoo dada," Ziada alisema. Tangu aolewe hakuwahi kumsalimia.

Stamili anasema kwanza aliitazama ile mikono. "Nilifikiria, huyu leo amekuja kwangu. Nilitaka akae kidogo aone inavyokuwa. Halafu nikaona damu imeshaanza kukauka kwenye vidole vyake. Ni damu ya Hamudi. Nikasema, marahaba. Kaa chini."

Alisimama mahali pake, akampigia kijana wa bodaboda aliyemfahamu kule barabarani, kisha mganga wa zahanati ili ajiandae. Alimwelekeza Ziada amfunge mgonjwa kwa nguvu juu ya jeraha, kama Rahima alivyowahi kumfundisha. Ziada akateremka mbio.

Hamudi alipona. Alishonwa zahanati, akapelekwa hospitali Masasi, akarudi akichechemea. Na kila aliyekwenda kumpa pole, Hamudi alimsimulia jinsi Ziada alivyopanda mwamba kumwokoa.

"Jina langu halimo," Stamili anasema. "Hata kidogo. Hapo wivu ulinishika kuliko siku ya talaka."

Ziada, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, anathibitisha. Tulimkuta akifuta paneli kwa kitambaa kibichi.

"Nilimwambia mume wangu, aliyepiga simu ni Mama Rahima. Hataki kusikia," anasema. "Ikabidi niende mwenyewe kwake. Nikamwambia, dada, mimi najua. Na nikamwambia aje amwone mtoto wa Rahima kwenye simu yangu."

Stamili alikaa wiki nzima bila kwenda. Kisha alivaa gauni lake la Idi, akashuka, akakaa kwenye lile benchi. Ziada akampa simu, akatoka nje kufyeka majani ambayo, kwa maneno ya Stamili, hayakuhitaji kufyekwa.

"Ana pua yangu," anasema kuhusu mjukuu. Ndilo jambo pekee analotabasamu akilisema.

Hawajawa marafiki. Mnara ukizimika, Ziada huwaelekeza watu Haloo, na Stamili huwapokea. Basi. "Wivu upo," anasema. "Nikisema umeisha nitakuwa nakudanganya wewe na wasomaji wako."

Fundi wa minara aitwaye Gasper Mnali, aliyekuja kubadilisha betri, alipanda Haloo kula ming'oko na kumweleza Stamili kwamba katika baadhi ya nchi simu za kawaida zimeanza kutuma ujumbe moja kwa moja kwenye satelaiti, bila mnara. Bado kuna kazi, alisema: satelaiti ziko mbali na simu ina nguvu ndogo. Lakini inakuja.

"Nikamuuliza, siku hiyo mlinzi wa mnara atalinda nini?" Stamili anasimulia. "Akacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nauliza kweli."

Usiku ule, anasema, aliona kwamba Haloo nayo haitahitajika. Ndipo akapata wazo. Mawimbi hata yakitoka mbinguni, simu itaanguka na kuvunjika kioo. Baada ya msimu huu wa korosho atakwenda Masasi mjini kujifunza ufundi wa simu kwa binamu yake Khalfan, kisha afungue kibanda kando ya barabara, mkabala na geti la mnara.

Na Ziada akimletea simu iliyovunjika?

Stamili anachagua mng'oko mnene, anaumenya taratibu.

"Nitamtengenezea vizuri kabisa," anasema. "Ila atapanga foleni."