Uwanja Uliofagiwa

Iko siku moja ya ujana wangu ambayo hunirudia bila kuitwa, hasa asubuhi kama hizi, ukungu unapopanda kutoka bondeni na ng'ombe wanasikika lakini hawaonekani. Sikuwahi kuisimulia yote. Leo nitakusimulia, mwanangu, kwa sababu ya kile ulichonionyesha juzi kwenye simu yako.

Wewe na mume wako mmepata likizo ndefu, mnakwenda kuona nchi za watu. Hilo ni jambo jema. Mwenda bure si mkaa bure. Ulinisomea orodha yenu. Juu mmeandika zile fasi, sehemu ambazo kila mtu husema usiporudi umeziona, hukwenda. Chini mmeandika fasi ndogo ndogo, na hapo uso wako uliwaka, ukasema, "Huku, mama, hata watalii hawafikake." Nilicheka na wewe, lakini moyo wangu ulishtuka. Maneno hayo niliyasema mimi kabla hujazaliwa.

Unamjua mama Zuhura wa Tabora, mke wa marehemu kaka yangu. Mwaka ule walikuwa wameoana karibuni. Zuhura alikuwa mwalimu, akapata likizo ndefu, akasema hawezi kuzeeka bila kuona nchi alikotoka mume wake. Kaka alibaki kazini. Akamtuma mkewe kwetu Mushaki na barua fupi kwa baba: mtunzeni, mnirudishie.

Zuhura alikuja na daftari. Majirani zake wote wa Tabora walikuwa wamemwandikia cha kuona: mlima wa moto unaoyafanya mawingu mekundu juu ya Goma, ziwa Kivu, vilima vyetu vya Masisi. Tuliviona. Alikunywa maziwa mpaka mama akaogopa tumbo lake, akashika fromaji, jibini yetu, ikiwa bado laini, akasimama juu ya kilima cha nyuma ya nyumba yetu mpaka jua likazama. Alifurahi, mwanangu. Mimi njo sikutosheka. Niliona haya kwamba kwetu kumeonwa kukaisha, na kwamba kila kitu alichokipenda kilikuwa tayari kimeandikwa na mtu mwingine. Nilitaka nimpe kitu kisichokuwa katika daftari, ili huko Tabora aseme, hiki alinionyesha wifi yangu Furaha.

Palikuwa na mchuuzi mmoja wa mafuta ya mawese aliyezoea kushuka kwenye kamiyo, lori la mizigo, mbele ya nyumba yetu ili anywe maziwa. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba kule Walikale, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka barabarani, iko kijiji msituni kisicho na mtu hata mmoja, lakini uwanja wake uko safi kila siku. Alinichorea njia kwa kidole juu ya meza. Nilipomuuliza kama amefika, alisema hapana, akamaliza maziwa yake.

Baba alitupa ruhusa ya kwenda Walikale kumsalimia rafiki yake, Muzee Kubuya, mwindaji wa zamani ambaye waliwahi kubadilishana naye mbuzi kwa nyama. Habari ya kijiji sikumwambia. Sikusema uongo, nilinyamaza tu; na kunyamaza kwa namna ile ni uongo uliovaa viatu vizuri.

Matope yalitushika njiani siku mbili. Muzee Kubuya na mkewe walitupokea kama watoto wao, wakatupikia ndizi na samaki wa mtoni. Jioni ile nilimuuliza juu ya kile kijiji. Aliweka chini kipande cha ndizi alichokuwa ameshika.

"Ile siyo fasi ya kuonyesha, mutoto yangu," alisema. "Lakini kama mugeni anataka kupasalimia, inawezekana. Mungoje siku tatu. Nitaenda kusema na benye pale, njo nitabapeleka mimi mwenyewe."

Nilisema ndiyo, Papa. Moyoni nilihesabu: kamiyo ya kurudi ilikuwa inapita kesho kutwa. Tena nilijiuliza, wenye pale ni nani, ikiwa hapana mtu? Nikaona ni maneno ya wazee ya kupunguza mwendo wa vijana.

Kesho yake Muzee alipotoka asubuhi kwenda kuangalia mitego, nilimwambia mkewe kwamba tunatembea kidogo. Zuhura aliniuliza kama tumeruhusiwa. Nikamjibu kwamba huku ni kwetu. Mwanangu, sikuwa mtu wa msitu. Mimi ni mtu wa nyasi na ng'ombe. Yeye alikuwa mgeni, hakuwa na namna ya kujua.

Njia ilikuwa kama alivyoichora yule mchuuzi. Tulivuka kijito, nikavua viatu kwa sababu ya utelezi na sikuvivaa tena. Zuhura alikuwa na mabuti ya mpira. Kabla ya saa sita ndege walinyamaza. Hawakunyamaza mmoja mmoja. Walinyamaza wote pamoja, kama darasa mwalimu anapoingia. Kisha miti ikaachana, tukaona migomba, na nyuma ya migomba uwanja.

Nyumba nyingi zilikuwa zimeanguka, zimebaki fito na majani meusi. Moja tu ilikuwa imesimama. Na uwanja, mwanangu, ulikuwa umefagiwa. Mistari ya ufagio ilionekana juu ya udongo laini, imepangwa vizuri kama nywele za msichana zilizochanwa. Hapakuwa na jani. Hapakuwa na unyayo wa mtu wala wa kuku. Mlangoni kulikuwa na chungu cha maji kilichofunikwa kwa jani la mgomba, na jani lilikuwa bichi.

Zuhura alilelewa vizuri. Alisimama pembeni akabisha hodi. Kimya. Akabisha tena.

"Karibu," ikajibu sauti ya mwanamke kutoka ndani.

Niliisikia kwa masikio yangu haya. Haikuwa sauti ya kutisha. Ilikuwa sauti ya mtu mzima aliye na kazi mikononi, asiyeweza kuinuka. Tulitazamana, tukapumua. Zuhura akatangulia, akakata uwanja, akainama akaingia. Nikamfuata. Nilipofika mlangoni niligeuka nyuma, na mpaka leo sijui ni nini kilichonigeuza.

Juu ya ule udongo kulikuwa na nyayo za mtu mmoja tu. Zilikuwa zangu, vidole vya miguu yangu mitupu vilionekana kimoja kimoja. Zuhura alikuwa amepita mbele yangu na mabuti yake mazito. Ya mabuti hapakuwa na alama yoyote.

Ndani kulikuwa na giza la kawaida la nyumba isiyo na dirisha, na meko ya mawe matatu, baridi. Zuhura alikuwa amekaa chini kando ya meko, mikono juu ya mapaja, kama mgeni anayengoja chakula. Alikuwa anatikisa kichwa polepole, akitazama upande wa pili wa meko, palipokuwa patupu. Nilimwita. Hakugeuka. Nilimwita tena, naye akainua kidole kidogo, vile unavyomzuia mtoto asimkatize mkubwa anayesema.

Nilimshika mkono nimwinue. Ulikuwa mzito kama mkono wa mtu aliyelala. Nilianza Baba Yetu, nikafika katikati, maneno yaliyobaki yakanipotea, maneno ninayoyajua tangu utoto. Miguu yangu yote miwili ilitaka kukimbia. Lakini nilikumbuka barua ya kaka, nikakaa palepale kizingitini, nikashika pindo la kitenge cha Zuhura na kulizungusha kwenye kiganja. Niliamua kwamba kama anakwenda mahali, atanikokota naye. Sijui tulikaa muda gani. Jua lilihama kutoka goti langu la kulia mpaka la kushoto.

Muzee Kubuya alitokea pembeni ya migomba, amelowa jasho. Mkewe alikuwa amemwambia, naye akatufuata mbio, na umri wake ule. Hakuingia uwanjani. Alivua kofia, akakaa chini kwenye ukingo, akaanza kusema Kinyanga, lugha ya pale, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyefika mbele ya baraza la wazee. Nilisikia jina la baba yangu. Nilisikia Mushaki. Alinyamaza akasikiliza, akasema tena, akanyamaza. Halafu akaniita kwa Kiswahili.

"Furaha, umulombee ruhusa. Sema njo munaaga."

"Nimuage nani, Papa?"

"Mwenye nyumba. Na usiseme haumuone."

Basi niliaga nyumba tupu. Niligeukia meko nikasema mimi ni nani, mtoto wa nani. Nikasema nimekuja bila kualikwa na nimemleta mke wa kaka yangu ambaye hana kosa, na mume wake anamngoja mbali. Nilipomaliza, Zuhura aliinamisha kichwa, kama mtu aliyeshukuru, akainuka mwenyewe, akatoka bila kunitazama.

Muzee aliniagiza nifagie nyayo zangu nikirudi kinyumenyume. Ufagio ulikuwa umeegemea ukutani. Nilipoushika, ncha zake zilikuwa zimelowa, na udongo mbichi juu yake. Nilifagia. Sikuuliza.

Zuhura hakusema neno njia nzima. Usiku ule homa ilimpanda, akalala siku tatu, akinywa maji tu. Kamiyo ilikuja ikatuacha. Zile siku tatu nilizokataa kungoja, nilizingoja zote, nimekaa kando ya kitanda chake, nikiwaza barua nitakayomwandikia kaka na kushindwa neno lake la kwanza.

Siku ya pili Muzee alikaa karibu nami. Alinieleza kwamba kile kilikuwa kijiji cha mama yake. Ugonjwa uliingia kiangazi kimoja, ukamaliza nyumba baada ya nyumba. Waliobaki walihamia barabarani. Mara moja kwa mwaka huenda kufagia, kujaza chungu, na kuwaambia wa kule nani amezaliwa na nani ameolewa. Ni watu wa kanisa, na padri anajua. Nikamuuliza walifagia lini mara ya mwisho. Alisema miezi minne iliyopita.

"Basi ni nani aliyefagia?"

"Sijaulizaka," alijibu. Kisha akanitazama, bila hasira, na hilo liliniuma kuliko kofi. "Ulitaka kumuonyesha mugeni ile fasi. Haukuuliza kama ile fasi inataka kuonwa. Kwako ni hadisi, mutoto yangu. Kwetu ni nyumba ya mama."

Siku ya nne Zuhura alifumbua macho akaomba uji. Alipokunywa nusu alisema, "Wifi, yule bibi ana maswali mengi. Alitaka kujua watu wote wamekwenda wapi."

"Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia mimi ni mgeni, sijui. Alisikitika sana."

Nilimpelekea Muzee maneno hayo. Alichukua kofia yake, akaenda kuwatafuta ndugu zake. Kesho yake walikwenda kule, wanaume watano na wanawake wawili, wakarudi jioni. Hawakutuambia walichosema.

Zuhura alipona, akarudi Tabora, akazaa watoto uliowaona. Jambo lile hatukulizungumza tena. Lakini mpaka leo, na uzee wake, akibisha hodi nyumbani kwa mtu na kujibiwa karibu, haingii. Hungoja nje, hata mvua ikinyesha, mpaka mwenyeji atoke amwone kwa macho. Watu wanadhani ni adabu nyingi. Mimi nawaacha wadhani hivyo.

Sasa, mwanangu, nisikilize juu ya safari yenu. Zile fasi za juu ya orodha nendeni bila haya. Msizidharau kwa kuwa kila mtu amezifikia. Njia iliyokanyagwa na wengi imekanyagwa kwa sababu, na jambo zuri halimaliziki kwa kutazamwa. Vile vilima vyetu Zuhura alivipenda kweli, ni mimi niliyeona havitoshi. Fasi ndogo pia muziachie nafasi, lakini msizichague kwa simu mkiwa hapa. Fikeni kwanza, salimieni, kuleni walichopika, na mtu wa pale akisema twende nikuonyeshe, mwende. Akisema mungoje, mungoje, hata kamiyo ikiwaacha. Kwa hiyo wekeni siku tupu katika hesabu yenu. Mkiona fasi ni safi na kimya na hamjui ni ya nani, msiseme haina mwenyewe. Kuuliza si ujinga. Na fasi ambayo watu wamelilia, msiipige picha ili mseme mlifika. Kuna mambo ya kuona, na kuna mambo ya kusalimia tu ukapita.

Mungu awatangulie barabarani na awe nyuma yenu pia. Mukibisha mlango, afungue mtu mwenye uso na jina. Miguu yenu iache alama kila mnapopita, na alama hizo ziwarudishe kwetu wote wawili, wazima, mkisema wenyewe.