Gia Boksi Juu ya Meza ya Kukatia

Ilipoletwa nyumbani mara ya nne, nilisimama mlangoni na mkasi mkononi.

"Hicho chuma hakipiti hapa," nikamwambia mume wangu.

Akapita. Alikuwa ameikumbatia gia boksi ya mashua ya daktari wa meno kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa, mafuta yanamchuruzika mpaka kwenye viatu. Akaitua juu ya meza yangu ya kukatia, juu ya gazeti moja, na gazeti lenyewe limepasuka katikati.

"Baba Pacha, kuna sare thelathini za shule hapo!"

"Zisogeze."

Zisogeze! Nikazisogeza kwa hasira mpaka zikaanguka sakafuni, kisha nikainama kuziokota mwenyewe. Nani mwingine?

Mimi ni fundi cherehani, yeye ni fundi wa injini za mashua. Nyumba moja, mafundi wawili, na meza moja tu iliyo chini ya dirisha kubwa. Meza hiyo ni yangu. Nimelisema hilo mpaka koo limenikauka. Yeye ana karakana yake gatini, lakini tangu mwaka jana kila kazi ya maana anaileta hapa, eti huko mwanga hautoshi. Miaka thelathini na moja ulitosha, ghafla hautoshi!

Tena si fundi wa kubabaisha. Mafundi wenzake wana vipimo vya kupimia unene wa chuma, yeye hataki hata kuvisikia. Anashika washa, kile kibati cha duara chenye tundu katikati, kati ya dole gumba na kidole cha shahada, anafumba jicho moja, anakwambia, "Hii imelika, tupa." Watu walikuwa wanakwenda kuipima kwa siri ili wamuumbue, wanarudi wamenywea. Ndiyo maana gatini hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Vidole.

Sasa hii ya daktari wa meno ni mashua ya tanga, ndogo, yenye injini ya kuisukuma upepo ukikata. Ikaanza kukataa kwenda mbele. Unasukuma mkono wa gia, injini inanguruma, mashua imekaa tu kama imeambiwa isubiri. Mume wangu akaifungua gia boksi, akakuta sahani za klachi zimelika, beringi zinacheza, sili ya kuzuia mafuta inavuja. Akabadilisha vyote. Tukajua yamekwisha.

Wapi! Beringi mpya ikifungwa, nyuma yake huwekwa washa nyembamba kama karatasi, za kuziba nafasi. Zikipungua, shafti inacheza. Zikizidi, shafti inabanwa na chuma kinachemka. Yake ikachemka. Akairudisha mezani kwangu, akasema ni mafuta. Ikachemka tena. Akairudisha, akasema ni beringi, siku hizi viwandani hawatengenezi vitu, wanatengeneza takataka. Ikachemka tena. Safari hii ya nne hakusingizia kitu, na hilo liliniudhi kuliko takataka za viwanda vyote.

Daktari alikuwa amemwambia kwa upole, "Fundi, nakuheshimu sana. Lakini ikichemka mara nyingine, nitamwita mtu mwingine." Kwa mwingine hayo ni maneno ya kawaida. Kwa mume wangu, hadi kufika adhuhuri gati nzima ingekuwa inajua kwamba Vidole kashindwa na gia boksi ndogo, na mtu akishasemwa hivyo pale, simu yake hailii tena. Hana kazi nyingine anayoiweza. Huyu hata maji anaunguza.

Basi siku hiyo, Jumamosi mchana, nikakaa upande wa pili wa meza nashona vifungo, nimenuna. Nikamwekea chai. Akainywa, akaacha alama nyeusi kwenye ukingo wa kikombe. Hayo nayo! Mwaka mzima vikombe vyangu vina midomo ya grisi. "Wewe unakunywa chai au unakula injini?" nimemuuliza mara ngapi? Anajibu ataosha. Haoshi.

Akashika washa, akaiminya kwa vidole, akaiweka. Akaishika tena. Akanitupia jicho, nikajifanya nahangaika na uzi. Akaipeleka ile washa mdomoni, akaipitisha polepole kwenye mdomo wa chini, jicho moja limefumbwa.

"We! Unalamba nini?"

Akashtuka, washa ikamponyoka, ikabiringika mpaka chini ya cherehani. Nikaiokota huku namsema. Na mimi nina tabia yangu: chochote kikiingia mkononi nakisugua kati ya vidole, kama nakagua kitambaa kama kina bitana.

"Hizi mbili," nikasema.

"Moja hiyo."

"Nakwambia ni mbili."

Nikapenyeza ukucha pembeni. Zikaachana, zilikuwa zimegandana kwa mafuta. Kumbe muda wote huo alikuwa anafunga mbili akidhani moja.

Nikamwekea kiganjani. Hapo ndipo nikaona lengelenge, kubwa, limeshapasuka.

"Umeungua na nini?"

"Hiyohiyo," akasema, akiionyesha gia boksi kwa kidevu. "Niliishika nione kama imechemka. Sikujua. Daktari ndiye aliyepiga kelele nitoe mkono."

"Baba Pacha. Tangu lini?"

"Tangu watoto walipoondoka mwaka jana. Kilianza kidole kidogo. Sasa vyote ganzi." Akajifuta mdomo kwa mkono wa shati. "Mdomo bado unasikia kidogo."

Kwa hiyo mwanga haukuwa na shida. Alikuwa anakimbia macho ya watu kule gatini, na hapa nyumbani mimi nampigia kelele kwa ajili ya vikombe. Nikamkasirikia, nikajikasirikia zaidi.

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Vidole hana vidole?"

Nikasukuma sare pembeni. Alinipa washa moja moja, nami nikazishika. Moja. Moja. Hii nene kuliko ile. Akapanga, akafunga, akaizungusha shafti kwa mkono. Ikazunguka laini.

Jumatatu nilifuatana naye. Daktari mwenyewe akasukuma mkono wa gia, mashua ikaenda mbele, tukazunguka nayo saa nzima. Tuliporudi gatini daktari akaishika gia boksi, vuguvugu tu. Akacheka meno yote nje.

"Vidole! Nilijua tu hutaniangusha!" Akamnyooshea mkono.

Mume wangu akaupokea. Akautikisa, huku ananitazama mimi. Uso wa daktari ukaanza kujikunja.

"Taratibu, Baba Pacha," nikamwambia. "Unamuumiza."