Petali ya Tano

Baba yangu mdogo ni mchora mabango, na mkono wake haujatulia tangu azaliwe. Akiingia nyumbani kwako, ananyoosha picha ukutani kabla hajakusalimia. Msibani aliwahi kumrekebishia kola mtu asiyemjua, tena mtu mwenyewe analia. Sisi tunamwita Rula.

Mkewe, mama mdogo, ana kikombe ambacho hataki kiguswe. Alitumiwa na dada mmoja Mjapani, mfinyanzi, aliyepanga chumba chao cha uani mwaka mzima hadi wakawa ndugu. Alikifinyanga kwa mikono yake, akakichora maua mekundu kuzunguka mdomo. Siku kilipofika, mama mdogo alilia, akakiweka kwenye kabati la vioo, akatangaza kwamba kikipata hata mkwaruzo kuna mtu atahama, na mtu huyo si yeye. Hakijawahi kuonja chai.

Tatizo ni kwamba Rula aliyachunguza yale maua. Yote yalikuwa na petali tano. Moja tu lilikuwa na nne.

Likamkosesha raha. Alivumilia, sifa yake apewe, mpaka aliposikia kwamba mfinyanzi mwenyewe anakuja kuwatembelea.

"Ataona kosa lake mbele za watu," aliniambia. "Masikini, ataaibika."

"Baba mdogo, kiache hicho kikombe."

"Namsitiri tu."

Mama mdogo alipotoka kwenda sokoni, Rula akafungua kabati na, bila hata kukiinua kikombe mahali pake, akaongeza petali kwa rangi ya mafuta, ileile aliyochorea bango la bucha. Niseme ukweli, kazi ilikuwa safi.

Kesho yake mgeni akaja. Mama mdogo, kwa furaha, akakitoa kikombe na kukimiminia chai ya moto. Rula alikosa pa kuweka mikono.

"Hicho nipe mimi," alisema.

"Wewe una bilauri yako. Tulia."

"Basi chai yake ipoe kwanza!"

"Una nini leo, wewe bwana?"

Mgeni akapiga funda. Alipokishusha kikombe, petali ilikuwa imehamia kwenye mdomo wake wa chini, imekaa vizuri kabisa. Mama mdogo akautazama mdomo, akakitazama kikombe, kisha akamgeukia mumewe taratibu. Mimi nikasogeza kiti changu karibu na mlango.

"Ua moja lilikuwa na petali nne," Rula alijitetea, jasho likimtoka. "Nilijua kasahau."

Mgeni alijipangusa, akacheka mpaka akashika mbavu. "Sikusahau, shemeji. Hebu nitazame."

Akakiinua kikombe, akanywa chai yote hadi tone la mwisho. Chini ya kitako, upande wa nje, mbele ya macho yetu, palikuwa na petali moja nyekundu.

"Anayekunywa haioni," alisema. "Anaiona aliyekaa naye. Niliwatengenezea ninyi wawili. Kwani hamjawahi kukinywea?"

Hasira ya mama mdogo ilimwisha hapohapo, nami nikakirudisha kiti changu mahali pake.

Siku hizi Rula akirudi kutoka kazini huweka brashi chini, wakakaa wakitazamana, kikombe kimoja, wakipokezana. Mama mdogo akifika mwisho hukiinua juu makusudi, tena hakishushi haraka. Rula amemweleza kila mtu wa familia, kwa siri, kwamba ile petali ya chini imekaa upande.

Hajaigusa.